Yai Lililogoma Kuelea

Doa lilikuwa la njano mpaka lilipokutana na sabuni.

Kanzu nyeupe ya mwanangu, ile ya Ijumaa, ilikuwa imemwagikiwa mchuzi wa changu kifuani. Mama yangu akaitumbukiza kwenye beseni uani, akaipaka sabuni ya mche na kuifikicha kama anavyofikicha kila nguo, utadhani imemkosea. Pale pale doa likawa jekundu, wekundu wa damu mbichi. Mtoto wa miaka 6, aliyekuwa amesimama pembeni akingoja kugombezwa, alirudi nyuma hatua mbili.

"Bibi, kanzu inatoka damu!"

"Manjano hayo, mume wangu," bibi yake akamjibu bila kuinua kichwa. "Kaniletee ndimu."

Akaikata ndimu, akaikamulia penye wekundu, na doa likarudi unjano wake kama halijawahi kwenda popote. Kisha akaianika kanzu juani. Kufikia alasiri, asiyeambiwa lilipokuwa asingeliona.

Mama yangu amefua hivyo miaka yote hapa Kilwa Kivinje. Hajawahi kunieleza sababu, na mimi niliyesomeshwa nikaondoka mji huu na vyeti vyangu kwenye bahasha sijawahi kumwuliza. Aliyeuliza ni mtoto: kwa nini sabuni imeifanya iwe nyekundu?

Nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme "kemikali". Neno hilo wazazi tunalitumia kama kawa: unafunika sufuria na maongezi yamekwisha. Ila kwa kweli sikuwa na kitu chini ya kawa langu. Likizo ya Juni ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, nina watoto wawili mkononi, wangu huyo na binti wa kaka yangu mwenye miaka 9, na simu moja ambayo chaji yake haikai. Nikasema, "Sijui. Hebu tuone."

Tukachanganya kijiko cha manjano na maji kidogo, tukapaka kwenye karatasi za daftari, tukaanika. Zilipokauka tukawa na karatasi za njano kumi na mbili, na jiko zima la bibi la kudondoshea juu yake. Ndimu: hakuna kitu. Siki: hakuna. Ukwaju, maziwa ya mgando, maji ya mtungi: hakuna. Sabuni ya mche: nyekundu. Sabuni ya unga: nyekundu upesi zaidi. Magadi: nyekundu iliyoiva, karibu na rangi ya matofali. Binti alichora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika "wanaowasha" na upande wa pili "wasiowasha". Mwanangu akaleta shampuu yangu kwa uhakika wote, maana nayo inatoa povu. Haikuwasha. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa shampuu bandia.

Lililonishangaza mimi ni majivu. Bibi yao aliyachota jikoni, akayakoroga na maji, akayaacha yatuame, akachovya kidole juu ya yale maji yaliyobaki maangavu. Karatasi ikawaka nyekundu. "Sisi kabla ya hizi sabuni za dukani," akasema, "sufuria tulisugua kwa hayo." Maji ya majivu, magadi na sabuni ni jamaa moja, ile ambayo darasani huitwa besi. Ndimu, siki na ukwaju ni jamaa ya asidi. Rangi iliyomo kwenye manjano, kurkumini, hubaki ya njano ikiwa na asidi au maji matupu na hugeuka nyekundu ikiguswa na besi, na jua kali huivunjavunja mpaka ikapotea. Kwa hiyo mama yangu, kwa ndimu yake na kamba yake ya kuanikia, alikuwa ameshamaliza somo zima bila kuandika neno.

Siku ya pili watoto waliigeukia choya, hii ya kukausha na kuchemsha ambayo huku kusini ni kinywaji cha nyumba nyingi. Nayo ni hivyo hivyo, na zaidi: ile juisi nyekundu, ukiitia magadi kidogo, inapita zambarau na kuishia kijani cha kutisha. Bibi alitazama jagi zima likiharibika, akasema sayansi hiyo sasa ihamie kwenye vikombe vidogo.

Hapa niseme jambo moja. Shule zetu nyingi za msingi za serikali zinafundisha sayansi kwa Kiswahili, kisha mtoto anavuka kwenda sekondari na siku moja kila kitu kina jina la Kiingereza. Wengi wetu tulizama kwenye kivuko hicho. Binti huyu, akikutana huko mbele na vitepe vya litmasi na majina yake yote, atakuwa anampa jina mtu anayemfahamu kwa sura. Na jikoni kwetu maneno yapo tayari, wala hatukungoja kamati ituundie: kuchacha, kuganda, kutuama, kuchuja, tui kukatika.

Tui lenyewe lina mengi. Kwa nini linakatika? Mafuta ya nazi na maji hayapatani, yameshikanishwa tu na vitu vingine vilivyomo ndani ya nazi, hasa protini. Moto ukizidi au usipokoroga, ule mshikamano unavunjika na mafuta yanaelea yakiwa peke yake. Kwenye samaki wa kupaka hiyo ni aibu mbele ya wageni. Kwenye kutengeneza mafuta ndicho unachokitaka. Watoto walikuna nazi nne kwa zamu juu ya mbuzi (mdogo alikuna na kidole, tukasimama kwa muda), tukakamua, tukaliacha tui usiku kucha. Asubuhi zito lilikuwa limepanda juu na maji yamebaki chini. Tukaengua lile zito, tukalichemsha taratibu mpaka maji yakaisha na mafuta yakabaki yanang'aa, yananukia nyumba nzima, tukayatia kwenye chupa na kuiweka dirishani.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mwanangu aliniamsha. Mafuta yamekufa, alisema. Yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa. Kufikia saa nne yalikuwa yamefufuka.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndugu zetu walioko Uingereza huyachimba kwa kijiko karibu mwaka mzima. Huku kwetu, Januari na Februari hayagandi ng'o. Lakini kipupwe, kusi inapovuma na watu wa Kilwa wakatoka na masweta kana kwamba wako Makete, alfajiri huwa inatosha. Nilimweleza hivyo, na bila kuambiwa akaifanya ile chupa kuwa kipimo chake. Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki alikwenda dirishani na kurudi na taarifa ya hali ya hewa: leo yote, leo nusu, leo juu tu. Siku moja alirudi amechanganyikiwa, maana kulikuwa na mawingu usiku kucha na mafuta hayakuganda kabisa. Mawingu ni blanketi, nikamwambia, ardhi haipoi haraka. Hilo nilikuwa nalijua.

La hamira nitalipita haraka, kwa kuwa kila nyumba inayokaanga vitumbua inalijua. Chupa tatu, hamira na sukari kiasi kile kile, moja maji ya baridi, moja ya vuguvugu, moja ya moto wa kuunguza, puto kwenye kila mdomo. La vuguvugu lilisimama lenyewe. La baridi lilijikokota likachukua karibu asubuhi nzima. La moto lilibaki limelala, kwa sababu hamira ni kiumbe hai na tulikuwa tumempika. Bibi, anayetia kidole kwenye maji kabla ya kuumua chochote, hakuona sababu ya kushangilia.

Sasa ndimu tena. Dondosha ndimu kwenye ganda la chaza, sogeza sikio, na utasikia: kitu kinachemka bila moto. Vipovu vidogo, vingi, vyeupe. Dondosha kwenye ganda la yai, hivyo hivyo. Ukiliacha yai zima ndani ya siki siku mbili, ganda lote linaliwa na unabaki na yai laini lililovaa utando tu, linadunda ukiliangusha kutoka urefu wa kidole. (Kutoka urefu wa meza halidundi. Tumelijaribu hilo pia, na sakafu ilipigwa deki.) Ganda la yai na ganda la chaza vimejengwa kwa kitu kile kile, kalsiamu kabonati, na kinapokutana na asidi kinaachia hewa ukaa. Matumbawe nayo ni hicho hicho. Nikafanya kosa la kusema mbele yao kwamba na Msikiti Mkuu wa Kisiwani ni hicho hicho.

Kwenda Kilwa Kisiwani unapanda mashua Kilwa Masoko, baada ya kulipia kibali. Tulipofika msikitini, chini ya zile kuba na matao, mtoa maelezo akiwa ndio anaingia kwenye habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyejenga kasri la Husuni Kubwa, na msafiri Ibn Battuta aliyepita hapa mwaka 1331, nikamwona mwanangu anatoa mfukoni kichupa cha ndimu.

Nilimkamata mkono. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati, na sikutaka hatari mpya ianze na familia yangu. Mtoa maelezo, Mungu ampe kheri, alicheka badala ya kutufukuza, akatupeleka ufukweni, akaokota kipande cha tumbawe kilichotupwa na mawimbi. Mtoto akadondosha ndimu yake pale. Kilipotoa povu, aligeuka akautazama msikiti kwa namna ambayo sidhani hotuba yoyote ya historia ingemfanya autazame.

Na hadithi ya chokaa ni nzuri kuliko ya povu. Mafundi wa Kilwa walichoma matumbawe kwa kuni nyingi mno, maana panahitajika joto la karibu nyuzi 900. Moto huo huifukuza ile hewa ukaa na kuacha chokaa kali. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe kwa hasira. Ikisha kupoa na kuchanganywa na mchanga ukaijengea, inaanza kuvuta hewa ukaa kutoka angani kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kurudi kuwa jiwe. Chokaa ya kuta za Kisiwani ni jiwe lililochomwa, likaloweshwa, likapakwa, kisha likarudia ujiwe wake likiwa limeshika umbo alilolitaka fundi. Binti aliuliza kama ina maana msikiti ulikuwa unapumua. Kwa namna fulani, ndiyo, na unavuta tu bila kutoa.

Chokaa kali, hata hivyo, si ya watoto. Ikiingia jichoni inapofusha. Hali kadhalika maganda ya korosho: Oktoba ikifika na msimu ukaanza, kila mtoto wa Lindi atataka kukaanga zake mwenyewe, na yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na kushika moto kwa ghafla. Kuna maswali ambayo mtu mzima anayafanya peke yake huku watoto wakitazama kutoka mlangoni.

Jioni ile, tunarudi Kivinje, nilikuwa nafikiri jinsi tulivyozoeshwa kuiona sayansi kama mgeni wa pwani hii. Huja, hubeba, huondoka. Tendaguru, bara kidogo ya mji wa Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi ya kale, na wapagazi wetu wakaishusha kwa vichwa mpaka bandarini, zaidi ya tani 200. Aliye mrefu kuliko wote anasimama Berlin, mita 13 na ushei, na mtoto wa Lindi akitaka kumwona inambidi aombe viza. Songo Songo, kisiwa unachokipita ukielekea Mafia, gesi iligunduliwa 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam kuwasha mitambo. Mama yangu bado anapuliza kuni. Silalamiki sana, umeme wenyewe unarudi kwa waya. Ila mtoto anayekua akiona utaalamu unapita juu ya kichwa chake kwenda kwingine anaweza kuamini kwamba kuuliza "kwa nini" ni kazi ya wageni.

Nami nilikuwa karibu kuwafundisha hivyo hivyo, kwa sababu ya yai.

Mchezo huu unajulikana: yai bichi linazama kwenye maji ya mtungi, ukikoroga chumvi ya kutosha linaelea. Tuliufanya, ukafaulu, watoto wakapiga makofi. Nikanogewa. Nikawaambia ndiyo maana baharini tunaelea vizuri, na kwamba tukiliweka yai baharini litaelea. Tukachota dumu la maji ufukwe wa Jimbizi, Masoko, maji yakiwa yamejaa, safi. Tukayamimina kwenye jagi la kioo. Tukalitia yai.

Likazama. Likalala chini pale kama lililoambiwa likae.

"Shangazi," akasema yule binti kwa upole wa mtoto aliyelelewa vizuri, "bahari imekataa."

Nilisema labda yai ni baya. Tukaleta jingine, likazama. Nikasema labda maji yametuama, tukoroge. Tukakoroga, lilizunguka, likazama. Nilikuwa natafuta sababu ya kuendelea kuwa sahihi, na mtoto wa miaka 9 alikuwa ananitazama nikizitafuta.

Mahesabu nilikuja kuyafanya usiku, na yanaeleweka. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, vijiko kama sita vya chai, na uzito wake unazidi ule wa maji matamu kwa gramu 25 tu. Yai bichi, lau ungeweza kulijaza kwenye kipimo cha lita, lingefika kilo moja na gramu 80 au zaidi. Bahari ni nyepesi kuliko yai. Sisi watu ni wepesi kuliko bahari, ndiyo maana inatubeba.

Aliyetuonyesha njia ni jirani, mzee aliyefanya kazi mashamba ya chumvi ujanani. Alikuja kusalimia, watoto wakampa shikamoo na yai kwa pamoja. Akacheka. Akasema maji ya bahari unayoyaona ni maji machanga. Shambani hayawekwi sehemu moja yakawa chumvi, yanahamishwa bwawa hadi bwawa, kila bwawa yanakauka kidogo na kuwa mazito, na chumvi huanza kuanguka kwenye la mwisho. Yakaushe kwanza, akasema, halafu mlete yai lenu.

Tukamimina lita nne kwenye sinia mbili za pilau, tukaziweka juu ya banda la kuku chini ya chandarua kilichochakaa, jua na kusi vikafanya kazi. Tuliweka alama kwenye jagi kwa rangi ya kucha: nne, tatu, mbili, moja. Jioni ya kwanza maji yalikuwa nusu: yai chini. Kesho yake adhuhuri, theluthi na kitu: yai likasimama wima, ncha chini, kichwa kikiyumbayumba, halijaondoka sakafuni. Watoto waliacha kula. Alasiri, ilipobaki karibu lita moja, likaachia. Lilipanda polepole sana, likatoa juu ya maji kipara kidogo, upana wa shilingi, likatulia hapo.

Mwanangu alipiga kelele iliyowatoa majirani. Binti hakupiga kelele, aliandika. Yale maji tukayarudisha kwenye sinia, na baada ya siku mbili zaidi chini yake palikuwa na punje za chumvi, nyingine kubwa kama punje ya mtama, kila moja ya mraba, kona zake zimenyooka kama zilizokatwa na fundi seremala. Tuliitia kwenye mchuzi wa siku hiyo. Ilikuwa na uchungu kidogo. Mzee wa chumvi alishatuonya: usikaushe mpaka tone la mwisho, maji ya mwisho ndiyo yenye uchungu, yamwagwe.

Usiku wa yai kuzama ndipo nilipowasimulia habari za Erasto Mpemba, zaidi kwa kujisuta mwenyewe. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friji, ambayo nafasi yake ni ya kugombania. Siku moja mwenzake aliwahi nafasi kwa kutia maziwa yasiyochemshwa. Mpemba akaona atakosa, akatia yake yakiwa ya moto vile vile. Baada ya saa moja na nusu ya moto yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji. Alipomwuliza mwalimu wake akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye rafiki yake aliyeuza aiskrimu Tanga alimwambia kwamba wao hutia ya moto makusudi, ili iwahi. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalijua, na hakuna aliyewauliza.

Akahamia Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Darasa likamcheka, mwalimu kwa mzaha akaiita hiyo fizikia ya Mpemba. Siku Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza nao, kijana akainuka akauliza kwa mara nyingine, na wenzake wakamcheka kwa mara nyingine. Osborne alikwenda akajaribu. Fundi wake wa maabara alileta habari kwamba ya moto imeganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja kwenye jarida la Physics Education, na tangu hapo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la yule mwanafunzi.

Linaitwa hivyo, lakini halijatulia. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya kwa makini na hawakuliona. Wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunatosha kukupa matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Wengine bado wanatetea. Miaka 60 na ushei tangu friji ya Magamba, na swali la mwanafunzi bado linawanyima usingizi maprofesa.

Watoto, bila shaka, hawakutaka kusikia habari za maprofesa. Walitaka friza.

Liko moja dukani, mtaa wa pili, la kuhifadhia samaki na barafu za ubuyu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mmekuja na bibi yenu au na fujo zenu?" Akakubali. Vikombe viwili vya bati sawasawa, maji ya ubuyu sawasawa, kimoja kimetoka kuchemka, kimoja cha mtungini. Baada ya saa mbili, cha baridi kilikuwa kimeshika barafu na cha moto bado. Mwanangu alinywea. Kwa hiyo Mpemba alidanganya?

Kesho yake wakarudia. Cha moto kikashinda.

Nilikuwa naanza kushangilia wakati binti alipoingiza kichwa chote ndani ya friza, akakaa humo mpaka mwenye duka akamwita. Alipokitoa alikuwa na theluji kwenye nyusi. Jana, alisema, cha baridi kilikuwa kimegusa ukuta wenye barafu, na cha moto kilikuwa juu ya samaki. Leo ni kinyume. "Anayeshinda ni ukuta, shangazi. Kesho tuviweke vyote ukutani."

"Kesho," akasema mwenye duka, akifunga mfuniko, "mje na umeme wenu. Changu wangu wameanza kulainika."

Walikwenda wakakaa barazani kujadiliana nani ataomba hela ya umeme kwa bibi.